Swali Kwanza, Chuo Baadaye: Uzamivu wa Uhifadhi na Vilima vya Kondoa

Mwanafunzi wa Busi, au wa kata nyingine yoyote ya Wilaya ya Kondoa, akiambiwa na mwalimu wake kwamba vyuo vikuu hutoa shahada ya uzamivu katika bayolojia ya uhifadhi, yaelekea mawazo yake yatakimbilia Serengeti. Ataona nyumbu wakivuka mto, simba chini ya mgunga, na mtaalamu mwenye darubini shingoni amesimama juu ya gari. Hapaswi kulaumiwa. Kalenda, vitabu na picha za ukutani zimemfundisha hivyo. Hata hivyo, vilima anavyoviona atokapo darasani vimechunguzwa kwa makini kuliko sehemu nyingi za nchi kavu ya Afrika Mashariki, na tasnifu kadhaa za uzamivu zimeandikwa juu yake. Jambo la kusikitisha ni kwamba wanafunzi wa huko aghalabu hawajapata kuzisikia.

Katika makala haya napenda kutetea wazo moja. Kijana wa nyanda kavu za kati anayetaka kufika daraja hilo la elimu aanze kwa kutafuta swali, kisha ndipo atafute chuo; na maswali yenye uzito, ambayo taifa linayahitaji, yamo katika ardhi aliyozaliwa.

Yafaa kwanza tueleze elimu hiyo ni ipi. Bayolojia ya uhifadhi ni tawi changa. Mkutano wake wa kwanza wa kimataifa ulifanyika San Diego, Marekani, mwaka 1978, na chama cha wataalamu wake kikaundwa mwaka 1985. Mmoja wa waasisi wake, Michael Soulé, aliilinganisha na upasuaji. Mpasuaji hutegemea elimu ya mwili, lakini mgonjwa anapoletwa akitokwa damu, hawezi kungoja mpaka kila jambo la mwili lijulikane. Hana budi kutenda kwa elimu aliyo nayo. Ndivyo ilivyo kwa mtaalamu wa uhifadhi. Msitu unakatwa, mnyama anatoweka, udongo unachukuliwa na maji, na serikali inataka shauri leo. Shauri likitolewa bila elimu ya kutosha, wanaolipa ni wananchi wa mahali hapo.

Kondoa ni mfano ulio wazi wa jambo hilo. Mmomonyoko wa vilima vya Irangi uliwashughulisha watawala tangu enzi ya mkoloni. Mwaka 1973 serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO. Trekta zilichimba matuta ya kukinga maji, makorongo yakazibwa, miti ikapandwa. Lakini mifugo iliendelea kulisha juu ya matuta yale yale, na kazi ikawa kama kuteka maji kwa pakacha. Mwaka 1979 uliamuliwa uamuzi mkali: mifugo yote, takriban 90,000, iondolewe katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililoharibika zaidi. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wakatolewa. Wengine waliuzwa, wengine wakapelekwa kwa ndugu na marafiki nje ya mpaka wa eneo hilo.

Mfikirie mfugaji wa wakati huo. Ng'ombe ndiye maziwa ya watoto, samadi ya shamba, mahari, na akiba ya mwaka wa njaa. Kumtoa ng'ombe ni kuyatoa hayo yote kwa mara moja. Je, alipewa nini badala yake? Alipewa ahadi kwamba majani yatarudi, miti itarudi na udongo utatulia. Ahadi hiyo ilikuwa na msingi, maana ilijulikana kwamba ardhi ikipumzishwa huvaa majani. Lakini ni majani gani, miti gani, baada ya miaka mingapi, na kwa njia gani? Utafiti wa kina wa mimea ya vilima hivyo, tutakaousimulia sasa, ulichapishwa wakati mifugo ilikuwa imekwisha kuondoka miaka kumi na zaidi.

Mwaka 1994 Ingvar Backéus wa Chuo Kikuu cha Uppsala, pamoja na wenzake Rulangaranga na Skoglund, walichapisha uchunguzi wao juu ya mabadiliko ya uoto katika miteremko iliyokuwa imelishwa kupita kiasi. Uoto ulikuwa umerudi. Kisha Herbert Lyaruu, mwanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akalifuatia swali lililo gumu zaidi, na mwaka 1999 yeye na Backéus wakachapisha matokeo: katika udongo wa miteremko ile iliyoliwa na mvua, je, mna akiba ya mbegu? Yaani, kama miti na majani ya zamani yamekwisha juu ya ardhi, je, mbegu zake zingali zimelala chini zikingoja nafasi?

Njia ya kulijibu swali hilo ni rahisi kuieleza, ingawa kazi yake huchosha. Mtafiti huchukua udongo wa juu kutoka sehemu nyingi zilizochaguliwa kwa utaratibu, huutandaza katika trei mahali pasipofikiwa na mbegu za nje, huumwagilia maji, halafu hungoja. Kila mche unaochomoza huhesabiwa na kutambuliwa jina. Asipoutambua, huuacha ukue hadi utoe maua. Kwa miezi kadhaa mtu mzima, mwenye shahada mbili, hukaa akihesabu vijimche vyenye urefu wa ukucha. Ndugu msomaji asicheke. Huo ndio uzamivu wenyewe. Neno lenyewe limetokana na kuzama, na mzamivu wa baharini hushuka mara nyingi akapanda mikono mitupu.

Kwa jumla akiba hiyo ilionekana kuwa ya majani na mimea midogo. Miti ilikuwa michache mno. Tukiifahamu tabia ya miti ya miombo, jambo hilo halishangazi. Ganda la mbegu la miombo mingi likikauka hupasuka kwa kishindo na kuzirusha mbegu mita chache tu kutoka kwenye mti mama. Mbegu hizo hazikai udongoni miaka mingi. Mvua za kwanza zikinyesha huota, au huoza, au huliwa. Kwa hiyo msitu wa miombo haujiwekei akiba katika udongo kama yafanyavyo magugu ya shambani. Msitu huo hurudi hasa kwa machipukizi ya visiki na mizizi iliyobakia hai, na kwa mbegu zinazodondoka kutoka kwenye miti iliyosazwa jirani.

Maana yake kwa mwanakijiji ni kubwa. Mlima uliokatwa miti lakini visiki vyake vingali hai unaweza kujiponya ukiachwa. Mlima uliong'olewa visiki kwa ajili ya mkaa au shamba hauponi kwa kuachwa tu, hata ukilindwa na askari mchana na usiku. Na ule mti mmoja mzee uliosimama peke yake kwenye bonde, ambao mpita njia anaweza kuudharau, ndio ghala la mbegu za mteremko mzima. Sheria ndogo ya kijiji inayokataza kukata miti bila kutenganisha kukata na kung'oa imeacha jambo lililo muhimu kuliko yote. Hilo haliwezi kujulikana kwa kutazama tu. Limejulikana kwa sababu kuna mtu aliyekaa akihesabu miche.

Tasnifu nyingine ya Kondoa ilitikisa jambo ambalo wengi walilichukua kuwa limekwisha kuthibitika. Kwa miongo mingi mfugaji alihukumiwa kuwa ndiye aliyeiharibu ardhi hiyo. Mats Eriksson, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stockholm ya mwaka 1998, alichunguza matabaka ya udongo uliokokotwa na maji na kutuama chini ya miteremko na mabondeni, na umri wa matabaka hayo ukapimwa. Ilidhihirika kwamba mmomonyoko wa vilima hivyo haukuanza juzi. Umekuja kwa vipindi, na vipindi vya mwanzo ni vya maelfu ya miaka iliyopita. Hii si kusema kwamba mifugo na mashamba havina lawama. Vina lawama yake, hasa katika karne za karibuni. Lakini ardhi yenyewe ni dhaifu kwa asili, mvua zake hunyesha kwa ghadhabu baada ya miezi mirefu ya ukavu, na hali ya hewa ilibadilika kabla ng'ombe hajafika. Hukumu inayotolewa bila ushahidi huo humwonea mtu.

Nao Watanzania walikuwamo. Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu hicho hicho cha Stockholm, Claude Mung'ong'o alitoa tasnifu juu ya jamii na ikolojia ya vilima vya Kondoa Irangi, na Pius Yanda akatoa ya kwake juu ya kuharibika kwa udongo katika bonde la Mwisanga. Mmoja aliwatazama watu, mwingine akautazama udongo. Wako walimu watakaosema kwamba kazi ya kwanza si bayolojia. Mimi nasema kwamba mtu anayesomea uhifadhi wa viumbe katika nchi ambayo kila kilima kina mwenyewe, kisha akakataa kujifunza habari za watu, ni sawa na mganga asiyetaka kuzungumza na mgonjwa.

Je, maswali yamekwisha? La hasha. Mradi wa HADO ulikwisha kufungwa, lakini lile swali la msingi bado lipo: ni mifugo mingapi, ya aina gani, na kwa utaratibu gani wa kulisha, inayoweza kuishi katika vilima vilivyofunikwa upya bila kurudisha makorongo? Ng'ombe wa kulishwa zizini aliletwa kuwa jawabu, lakini majani yake hukatwa wapi, na kukata huko hufanya nini kwa mimea? Je, ndege na wadudu wachavushaji wamerudi pamoja na miti, au tumepata msitu usio na wakazi? Wachoraji wa kale waliacha katika miamba ya Kolo, ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, picha za twiga, tembo na pofu. Ni wangapi kati ya wanyama hao wanaopita leo katika maeneo ya vijiji, na kwa njia zipi?

Swali la tembo si la kubuni. Mapori ya akiba ya Mkungunero na Swagaswaga yamo katika ardhi ya Kondoa na Chemba, na mkulima aliyeamka akakuta shamba lake la mtama limekanyagwa hahitaji kuelezwa maana ya mgongano kati ya watu na wanyama. Hapa kuna mfano mzuri kutoka kwa jirani zetu wa Kenya. Wenyeji wa sehemu kadhaa walisema siku nyingi kwamba tembo huogopa nyuki. Lucy King aliichukua kauli hiyo akaifanya swali la uzamivu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Aliwasikizisha tembo sauti ya nyuki waliochokozwa, na mwaka 2007 yeye na wenzake wakachapisha kwamba tembo hukimbia sauti hiyo. Kisha akajaribu uzio wa mizinga iliyounganishwa kwa waya kuzunguka mashamba. Tembo akiugusa waya, mizinga hutikisika. Mkulima hulinda mazao na kupata asali. Uzio huo umeenea katika nchi nyingi.

Lakini utafiti wa baadaye huko huko Kenya umeonesha kwamba wakati wa ukame nyuki huihama mizinga, na uzio ukapungukiwa nguvu. Sasa, mkoa wa Dodoma ni nchi ya ukame na ni nchi ya asali. Mrina asali wa Kondoa anajua nyuki huhama lini, huelekea wapi, na ni mti gani unaochanua kabla ya mvua. Elimu hiyo imo vichwani mwa wazee, haijaandikwa, na tasnifu nzima inaweza kujengwa juu yake. Nani atakayeiandika vizuri zaidi kuliko mjukuu wao, aijuaye lugha yao?

Ni wajibu wetu pia kuwaeleza vijana ukweli kuhusu safari yenyewe. Baada ya kidato cha sita huja shahada ya kwanza, kisha ya uzamili, kisha ya uzamivu, ambayo huhesabiwa kuwa miaka mitatu au minne na mara nyingi huzidi. Wakati wenzake wanajenga nyumba, yeye anaomba fedha za kununua mafuta ya pikipiki ya kumfikisha porini. Nafasi za kazi si nyingi. Anayetaka kuwa askari wa wanyamapori au mhifadhi wa pori la akiba hahitaji uzamivu. Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, na kile cha Pasiansi vitamfaa zaidi, na heshima ya kazi hiyo si ndogo hata kidogo. Uzamivu ni wa yule ambaye swali limemshika asiweze kuliacha. Anayeutafuta kwa ajili ya kuitwa Daktari atachoka katikati ya njia, na akifika atakuwa amefika bure.

Zamani ilikuwa lazima kwenda ng'ambo. Siku hizi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sokoine, Chuo Kikuu cha Dodoma na Taasisi ya Nelson Mandela huko Arusha vyote hufundisha hadi daraja hilo, na wako wanafunzi wanaofanya utafiti nyumbani huku wakisimamiwa kwa ubia na chuo cha nje. Sioni ubaya wa kwenda ng'ambo. Ubaya ni kwenda bila swali, kwa maana asiye na swali hupewa la msimamizi wake, na la msimamizi huenda likawa ni la nchi ya msimamizi.

Neno moja kuhusu hisabati, maana hapo ndipo wengi huanguka. Kuna wanafunzi wanaochagua bayolojia kwa kuikimbia hesabu. Katika uhifadhi hakuna pa kukimbilia. Nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni mwaka 1961, wakafika takriban milioni 1.4 mwaka 1977 baada ya sotoka kudhibitiwa. Kwa nini hawakuendelea kuongezeka bila kikomo? Wako waliodhani ni simba, wako waliodhani ni maradhi. Simon Mduma, Mtanzania aliyepata uzamivu wake mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, na ambaye baadaye aliiongoza Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, alikusanya takwimu za miaka 40 pamoja na wenzake, na mwaka 1999 wakaonesha kwamba kinachowazuia nyumbu ni chakula, yaani majani ya kiangazi. Jawabu hilo halikuonekana kwa darubini. Lilipatikana kwa kukokotoa vizazi na vifo, mwaka baada ya mwaka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi. Tasnifu zote nilizozitaja ziliandikwa kwa Kiingereza. Nyingine zimo katika maktaba za Stockholm, nyingine katika majarida yanayouzwa kwa bei ambayo shule ya sekondari ya Kondoa haiwezi kuilipa. Watu waliotoa ng'ombe wao, waliowaongoza watafiti milimani, waliowatajia majina ya miti, hawajasoma kilichoandikwa. Mtafiti hulazimika kuomba kibali Tume ya Sayansi na Teknolojia, na akichunguza wanyamapori huomba pia kwa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Kwa nini basi asilazimike vile vile kuacha muhtasari wa kurasa kumi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, katika ofisi ya kijiji na katika shule iliyo karibu na mahali alipofanyia kazi? Kurasa kumi hazimwui mtu aliyeandika mia tatu. Tena naamini zingemsaidia mwenyewe, kwa kuwa asiyeweza kumweleza mkulima alichokigundua pengine hajakigundua sawasawa.

Walimu hawana haja ya kungoja agizo hilo. Jaribio la mbegu za udongoni laweza kufanywa na kidato cha pili bila maabara. Chagueni sehemu tatu: mteremko uliofunikwa na miti, shamba lililoachwa, na ukingo wa korongo. Katika kila sehemu chukueni udongo wa juu kwa kina cha vidole vitatu, mahali pasipopungua kumi, kabla ya mvua za kwanza. Utieni katika mabeseni yaliyotobolewa chini, wekeni alama kwa kalamu isiyofutika, funikeni kwa chandarua kuukuu ili mbegu za upepo zisiingie. Wekeni pia beseni moja la mchanga uliokaangwa katika chungu mpaka mbegu zake zife, ili mjue kama chandarua kinavuja. Mwagilieni kila siku, hesabuni kila Jumamosi, na kila mche mpya uandikwe katika daftari kwa jina lake la Kirangi kama wazee wanalijua, la kitaalamu likipatikana baadaye. Daftari lisitupwe muhula ukiisha, bali likabidhiwe kidato kinachofuata.